Kuuvua Uso wa Yuda

Jumapili, 30 Machi

Nimepewa Yuda tena! Mwaka wa saba mfululizo. Majina yalisomwa baada ya Misa ya pili, mbele ya waumini wote, na aliyeyasoma ni mwenyekiti wa kamati ya Igizo la Mateso ya Bwana. Mwenyekiti huyo ni mke wangu, Kunegunda. Hakupepesa jicho. Yesu: Remmy, kijana wa kwaya. Petro: Thadei, seremala, jirani yetu. Yuda Iskariote: Makarius Mapunda. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, nikainamisha kichwa kidogo, kama inavyompasa karani mstaafu wa mahakama. Moyoni nilikuwa natokota.

Kero si igizo lenyewe. Igizo ni alasiri moja ya Ijumaa Kuu. Kero ni siku nyingine zote za mwaka. Sokoni Majengo naitwa Yuda. Muuza dagaa akinirudishia chenji huniuliza kama vipande thelathini vimetimia. Bodaboda wa Bombambili hupunguza mwendo ili waniamkie kwa jina hilo, tena kwa shikamoo. Yote nimeyavumilia. Lakini leo tulipotoka kanisani, Devota alinivuta mkono wa shati. Devota ni mjukuu wetu, anasoma darasa la nne, anaishi nasi kwa kuwa mama yake, binti yetu Eufrasia, anafanya kazi Madaba. Kila Jumamosi mimi ndiye ninayemsindikiza kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Alitazama viatu vyake, akasema, "Babu, naomba nisindikizwe na bibi. Wenzangu wananiita mjukuu wa Yuda."

Nilijifanya natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Jioni nimejichunguza kwenye kioo bila upendeleo. Mikunjo miwili mirefu katikati ya nyusi. Ngozi kavu mashavuni. Midomo imeshuka pembeni. Kusema kweli, ni uso wa mtu anayeweza kumuuza rafiki. Thadei amenizidi umri, lakini uso wake unang'aa kama biringanya. Basi sababu ni wazi. Kunegunda huchagua watu kwa kuangalia uso. Nikibadilika uso kabla ya Ijumaa Kuu, atalazimika kunibadilishia nafasi.

Vipodozi vya dukani havifai. Ni ghali, na muuzaji atatangaza mji mzima. Kipindi cha akina mama redioni, ambacho huwa nakisikia kwa bahati mbaya kila siku saa nne, kimesema jiko lina kila kitu. Tena jiko halina mdomo. Naanza kesho.

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idi. Kunegunda amekwenda jumuiya. Devota yuko kwa rafiki yake. Nimechukua yai moja, nikatenga ute, nikajipaka usoni hadi shingoni. Redio ilisema ute hukaza ngozi. Redio haikusema unakaza kiasi gani! Baada ya muda mfupi uso wangu ulikuwa ngozi ya ngoma.

Hapo ndipo akapiga hodi Abdulswamadu.

Abdulswamadu ni mtu wa Tunduru, ana duka la korosho na asali pale Majengo, jirani mwema kupita kiasi. Kila Idi hutuletea pilau mwenyewe. Alinikuta nimesimama mlangoni, sioni pa kukimbilia. Aliniamkia. Sikuweza kufungua mdomo. Aliuliza habari za nyumbani. Nilimkodolea macho. Alinitakia heri ya sikukuu, nami nikajaribu kutabasamu. Nilisikia shavu la kushoto likipasuka kama udongo wa jaruba la mpunga lililokauka. Abdulswamadu aliweka sahani chini taratibu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama amenikosea jambo. Nilitikisa kichwa. Shingo nayo ilikuwa imekaza. Kichwa hakikutikisika. Akaondoka na huzuni yake, siku ya sikukuu yake.

Pilau ilikuwa nzuri sana.

Nilipokwisha kunawa nilimfuata dukani, nikamweleza kwamba nilikuwa naumwa jino. Alifurahi mno. Akanipa karafuu, akasimama kuhakikisha nazitafuna. Nilizitafuna zote. Ili kumaliza maneno nikanunua na chupa ya asali. Asali nayo ni dawa ya uso.

Matokeo ya yai: mazuri. Mkunjo wa kulia umepungua kina. Au ni mwanga wa dirisha. Naandika umepungua.

Alhamisi, 3 Aprili

Parachichi. Kunegunda alikuwa amelificha ndani ya unga ili liive. Nililipata kwa kunusa. Nikaliponda, nikalipaka nene, nikajilaza kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nimefumba macho kama redio ilivyoagiza. Mvua ilikuwa imekatika, jua la upole, amani tupu. Nikasinzia.

Niliamshwa na jogoo. Hakuwika. Alinidonoa! Alikuwa amesimama kifuani pangu anakula shavu, na mitetea miwili inasubiri zamu. Nimepata jeraha dogo puani na jingine kidevuni.

Kunegunda aliporudi aliuliza mambo mawili: nani amekula parachichi, na nani amenikwaruza. Nilijibu kwamba ni jogoo. Jibu hilo lilitosha maswali yote mawili. Karani mzuri hasemi uongo, hupanga ukweli.

Jumamosi, 5 Aprili

Devota amekwenda kwenye mafundisho na bibi yake. Niliwatazama dirishani mpaka wakapinda kona ya kinu cha kusaga. Alikuwa anaruka madimbwi. Zamani mimi ndiye niliyemshika mkono kwenye madimbwi.

Nimeamua kumpeleleza Thadei. Nilimkuta karakanani mwake anapiga randa ubao. Aliponiona alisema bila kuinua kichwa, "Yuda, leo umekuja kunibusu?" Mafundi wake walicheka. Nilikaa kwenye kigogo, nikamzungusha kwa maswali ya mbali. Anakula nini asubuhi? Chai na kiazi. Ananawa kwa kitu gani? Maji na sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Hapaki kitu chochote? Akasema tangu marehemu mkewe aondoke hana mtu wa kumkunjisha uso, na kama ningetaka uso kama wake basi ningejua la kufanya, lakini hanishauri, maana usiku ni mrefu sana. Halafu akaendelea na randa.

Uongo mtupu. Hakuna uso wa biringanya unaoletwa na sabuni ya kufulia. Kuna kitu anaficha.

Jumatatu, 7 Aprili

Ushindi! Unga wa ulezi na asali! Ndoa ya haki!

Nilipaka asubuhi, nikakaa nao mpaka ukakauka, nikausugua kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi imekuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kubatizwa. Nilimwonyesha Devota bila kumwambia. Nilisogeza uso karibu na taa, nikageuka huku, nikageuka kule. Aliniuliza kama shingo inauma. Watoto hawana jicho la mambo haya.

Bakuli dogo halitoshi. Ijumaa Kuu iko karibu, na mimi ni mtu wa mipango. Nimeamua kutengeneza wa kutosha wiki nzima. Ulezi wa kawaida ulikuwa umebaki kiganja kimoja, lakini ghalani nimeona mfuko wa unga wa kimea, ambao Kunegunda ameuweka kwa ajili ya togwa ya Pasaka. Kimea ni ulezi ulioloweshwa ukachipua, ukakaushwa na kusagwa. Kwa maneno mengine ni ulezi uliosoma zaidi. Nimechukua nusu ya mfuko, nikamimina asali yote, nikaongeza maji ya moto kidogo, nikatia katika chungu na kukifunika vizuri. Kimekaa nyuma ya jiko la mkaa, mahali penye joto, chini ya gunia.

Jumatano, 9 Aprili

Chungu kinapumua! Nilifunua nikakuta povu na mapovu madogo yanapanda na kupasuka, tss, tss. Dalili ya nguvu. Dawa hafifu hailali? Dawa hafifu hulala. Hii iko macho. Nimejipaka mara mbili. Inachoma kidogo, na harufu yake ni kali lakini si mbaya. Inanikumbusha kitu ambacho jina lake sikulipata.

Alhamisi, 10 Aprili

Aibu.

Leo mazoezi, ukumbi wa parokia, watu wote wapo. Kabla ya kutoka nilijipaka dawa, nikaifuta kwa kitambaa kikavu ili nguvu yake isipotee. Tulifika kwenye bustani ya Gethsemane. Nilimkaribia Remmy na askari wangu nyuma, nikasema, "Salaam, Rabi," nikainama kumbusu. Remmy alirudi nyuma hatua nzima. Akaziba pua. Yesu hazibi pua! Kunegunda akaagiza turudie. Nikainama tena, na safari hii Remmy akaniuliza kwa upole, mbele ya Mitume wote, "Babu, umepita kilabuni?"

Askari mmoja alisogea, akaninusa kama mbwa wa forodha, akatamka neno lenyewe: kangara.

Hapo ndipo nilipokumbuka jina la ile harufu. Kimea, asali, maji ya moto, chungu, joto, siku tatu. Nimepika pombe! Mimi, ambaye sijawahi kuonja hata kizibo! Mimi, ambaye Jumatano ya Majivu nilisimama jumuiyani nikawakemea wanywaji kwa majina yao! Na wenye majina hayo walikuwa pale, wamevaa mashuka ya Mitume, wananitazama kwa furaha kubwa.

Nilikuwa na njia mbili. Kwanza, kusema kweli: ndugu zangu, hii si pombe ya mdomoni, ni ya usoni, najipamba. Pili, kunyamaza. Niliipima kweli hiyo kama mizani ya mahakama. Mlevi hupewa toba. Mzee wa miaka sitini na saba anayejipaka asali ili awe mzuri hupewa jina, na jina hilo lingekuwa baya kuliko Yuda.

Nilinyamaza. Nikainamisha kichwa. Wakaona ni majuto.

Ijumaa, 11 Aprili

Kunegunda ameniwekea ugali mezani. Mboga ilikuwa mlenda mtupu. Nilipomshukuru alisema, akiutazama ukuta, kwamba anaomba Mungu ampe subira. Katekista amepita kunisalimia. Alizungumza habari za mvua, mahindi, na mwana mpotevu.

Devota alikaa mbali nami. Halafu akaja, akaninusa shavu, akaenda zake. Sikujipaka kitu leo. Uso, hata hivyo, unaendelea vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Lazima niandike haraka kabla furaha haijaniharibia mwandiko.

Asubuhi, Kunegunda na Devota walipokwisha kwenda kwenye mafundisho, nilitoa chungu ili nikamwage shimoni. Nilikuwa nimefika uani. Nikasikia kikohozi. Thadei! Amesimama kwenye ua, kofia mkononi, uso wa biringanya umejaa heshima ambayo sijawahi kuiona. Aliniamkia vizuri. Hakuniita Yuda. Aliniita Mzee Mapunda.

Aliniambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba juzi mazoezini alikuwa nyuma yangu, na kwamba ile harufu ilimpeleka mbali. Marehemu mkewe alikuwa akipika kangara ya namna hiyo kila sikukuu. Tangu alipoondoka hajakutana nayo, kwa maana hizi za kilabuni ni maji na sukari. Nikamkumbusha kuwa tuko Kwaresima. Akasema alichofunga yeye ni pombe za dukani. Hii si ya dukani.

Akatazama chungu. Nami nikatazama chungu. Ndani yake mlikuwa na asali, kimea, na vidole vyangu vya siku tatu. Hapo sheria ingenitaka niseme. Lakini hakuna aliyeniapisha.

Nilimkaribisha kigoda. Alikunywa kikombe cha kwanza amefumba macho. Cha pili alikinywa polepole. Cha tatu akakishika tu, akatazama mbali kuelekea mtaa wa nyuma, akauliza nimepikaje mpaka ikawa na ulaini huo. Nikasema ni siri ya nyumbani. Machozi yalimlengalenga, nami kwa kweli nikamwonea huruma. Akajipangusa, akasema, "Mzee Mapunda, umenirudishia siku moja ya maisha yangu. Taja unachotaka kwangu."

Miaka thelathini mahakamani imenifundisha kutambua shauri linapojileta lenyewe mlangoni. Nilisema: Petro.

Alidhani masikio yake yanamtania. Akauliza kama ni Petro yule wa igizo. Nikasema ndiye. Basi akacheka mpaka kigoda kikalia. Kumbe Thadei amekuwa akinionea wivu muda wote huu! Alisema Yuda ana busu, ana vipande, ana majuto, ana kifo chake mwenyewe. Petro anaota moto na kukana. Anachukiwa kidogo, anapendwa kidogo, na ikifika Golgota hayupo. Yuda ndiye anayetazamwa.

Tumepeana mikono. Amebeba chungu na kilichobaki ndani, chini ya koti.

Jumapili, 13 Aprili, Dominika ya Matawi

Imekubaliwa! Thadei alimwendea Kunegunda baada ya maandamano ya matawi, akamwambia anataka Yuda, na anataka Mapunda awe Petro. Kunegunda alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. Halafu akasema sawa, kwa urahisi kabisa, kama mtu anayepokea chenji.

Urahisi huo umenisumbua siku nzima. Wakati wa chakula nikamuuliza. Sikutaja yai, wala parachichi, wala ulezi. Nilisema tu kwamba bila shaka hatimaye ameona uso wangu hauendani na Yuda.

Kunegunda aliweka kijiko chini. "Baba Eufrasia, uso wako una kosa gani? Niliwauliza wake wa wanaume wote wa parokia hii. Kila mmoja alikataa mumewe aitwe Yuda. Nikabaki na wa kwangu. Wa kwangu namjua, jina halimshiki."

Akaongeza kwamba Thadei sasa hana mke wa kumkatalia, Mungu amrehemu marehemu, kwa hiyo hakuna tatizo. Akaendelea kula.

Nimeutafakari utetezi huu. Ni dhaifu. Mahakamani tungeutupa nje kabla ya chai. Mwanamke hawezi kukiri mbele ya mumewe kwamba amebadilishwa mawazo na sura yake. Ila maneno yake kwamba jina halinishiki nimeyaandika hapa neno kwa neno, kwa kumbukumbu.

Jambo jingine. Mwaka jana aliletwa jogoo halisi wa kuwika Petro anapokana, naye akalala. Mwaka huu Kunegunda ameamua watoto wa mafundisho wawike nyuma ya ukuta, na kiongozi wao ni Devota. Amefanya mazoezi chooni jioni yote. Ana kipaji.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimejaribu maji ya mchele. Hayana madhara wala faida. Siwezi kuingia jukwaani na uso wa kawaida. Petro anaangaliwa kwa karibu, yuko kwenye mwanga wa moto. Abdulswamadu ameniuzia asali nyingine, ya nyuki wa porini, nyeusi, nzito. Aliuliza kama asali yangu inaliwa au ina kazi nyingine, maana chupa ya kwanza ingemtosha mtu mzima hadi mavuno. Nikasema ni jino. Akatafuta karafuu. Nikakimbia.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi. Jicho la kushoto halifunguki. Naandika kwa la kulia.

Asubuhi nilipaka asali tupu, tabaka la kung'aa. Nilipanga kuinawa saa sita. Lakini watu walijikusanya mapema kwa kuhofia mvua, na Kunegunda akatupanga kwenye mstari mimi nikiwa bado nafunga kamba ya kanzu. Nilipata nafasi ya kujifuta kwa mkono wa kanzu tu. Nikaona si kitu. Mng'ao nao ni sehemu ya utakatifu.

Thadei alikuwa Yuda wa kutisha. Vipande vyetu ni vizibo vya soda ndani ya mfuko wa kitambaa, na mimi kwa miaka sita nilivitingisha kidogo tu. Yeye alivimwaga chini akavihesabu kimoja kimoja kwa sauti, mpaka makuhani wakachoka kusimama. Alipokwenda kujinyonga, ambako mimi hukimbilia nyuma ya tangi la maji na kukaa kimya, yeye alibaki mbele ya watu. Alijuta. Akaanguka. Akainuka, akajuta tena. Maandamano yalilazimika kumsubiri.

Kisha uwanja wa Kayafa. Mafiga matatu, moto wa kweli, umati umezunguka. Nikasogea kuota moto. Joto likapiga uso. Asali ikaanza kuyeyuka na kutiririka mashavuni, na nikasikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba Petro wa mwaka huu analia kabla hajaulizwa. Kijakazi akanijia: wewe nawe ulikuwa pamoja naye. Nikakana.

Ndipo akaja nyuki wa kwanza.

Alizunguka kichwa changu, akatua kwenye pua. Nilimpungia mkono kwa heshima. Nikaulizwa mara ya pili. Walikuwa watatu. Nikakana kwa sauti iliyokuwa juu kidogo. Mara ya tatu sikusubiri swali liishe. Nilipaza sauti kwamba simjui mtu huyu, simjui, simjui kabisa, na kwa kweli nilikuwa namwambia nyuki aliyeingia sikioni. Nyuma ya ukuta Devota akawika. Akawika kama jogoo aliyesomea! Remmy, ambaye alikuwa anaongozwa na askari, aligeuka kunitazama kama ilivyoandikwa, akaona uso wangu, na macho yake yakatoka pima. Mtazamo huo hauwezi kufundishwa.

Nilichomwa kwenye nyusi, shavuni, mdomoni, shingoni. Nikashika uso kwa mikono miwili, nikatoka mbio uwanjani nikilia kwa uchungu, neno kwa neno kama Injili inavyosema. Nilikimbia mpaka tangi la maji, nikaingiza kichwa chini ya bomba. Nyuma yangu nilisikia parokia nzima inalia. Wazee, vijana, na wale niliowakemea Jumatano ya Majivu. Katekista alinikuta pale, maji yananitiririka, akaniwekea mkono begani.

Kunegunda alinitoa miiba ya nyuki jikoni, mmoja mmoja, kwa kucha. Alilamba kidole. Akanitazama. Akakilamba tena. Alisema tu kwamba sasa ameelewa kimea kilikwenda wapi, na mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia naye mpaka alipokaa chini sakafuni akicheka.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Bwana amefufuka. Uso wangu pia umeinuka, kwa namna yake.

Nilikuwa sebuleni natafuta kofia yenye ukingo mpana ili nitembee peke yangu kwa njia ya nyuma. Devota akaja, amevaa gauni jeupe, akaweka mkono wake ndani ya wangu. Nikamkumbusha kwamba bibi yake yuko tayari. Akasema, "Bibi ataenda na wenzake. Mimi naenda na Petro wangu."

Tulipita barabara kuu, katikati, si pembeni. Pale kwenye kinu cha kusaga walikuwepo watoto wa mafundisho. Waliponiona wakaanza kuwika. Kokoriko! Mmoja, kisha wote, kisha bodaboda wakadakia kwa honi. Kabla ya kufika Majengo nilikuwa nimewikiwa na nusu ya mji. Muuza dagaa aliwika. Abdulswamadu, ambaye hakuwepo hata kwenye igizo, alitoka dukani, akasikiliza, akawika kwa adabu ili asionekane amebagua.

Nilimtazama Devota kwa hofu. Alikuwa amechanua. Akavuta pumzi, akainua shingo, akawawikia wote, akawashinda. Tuliruka madimbwi mpaka kanisani.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimejichunguza kwenye kioo bila upendeleo. Jicho limefunguka. Na nimegundua jambo ambalo redio haijawahi kulisema.

Mikunjo hakuna! Ile miwili ya katikati ya nyusi, iliyoshinda yai, parachichi na ulezi, imetoweka kabisa. Paji la uso limejaa na kukaza kama tikiti. Mashavu yamenyooka. Hata Thadei, alipopita asubuhi kuulizia chungu kingine, alikiri kwamba hajawahi kuona uso usio na mkunjo hata mmoja kama huu. Alikuwa amefunika mdomo kwa kofia, bila shaka kwa wivu. Kwa hiyo nilikosea tangu mwanzo, lakini kwa jambo dogo tu. Asali ni njia. Dawa ni nyuki mwenyewe.

Kunegunda anasema uvimbe utashuka keshokutwa. Hilo ndilo tatizo pekee, na lina ufumbuzi. Yohana, mwanafunzi aliyependwa, alikuwa kijana mbichi. Kila mwaka wanampa mtoto wa kwaya asiyejua kusimama wima. Mwaka ujao apewe mtu mwenye sauti na uzoefu.

Nimetoka dukani kwa Abdulswamadu sasa hivi. Nimemwomba aniletee kutoka Tunduru mzinga mmoja, na wenyewe wakiwa ndani. Ameniuliza mara tatu kama nimesema ndani. Nikamjibu ndiyo, ndani, na awe na uhakika kuwa ni wakali. Utakaa dirishani, upande wa kitanda ninaolalia mimi. Kunegunda nitamwambia ni kwa ajili ya jino.